Mume wangu anasema niitupe laini

Fundi, salaam.

Nakuandikia kwa simu ya binti yangu kwa sababu yangu siiamini tena. Mimi ni mama wa miaka 46, nauza dagaa wa Mwanza na mchele hapa Morogoro, na wateja wangu wengi nawapata WhatsApp. Asubuhi napiga picha mzigo, naweka statusi, mchana kijana wa bodaboda anasambaza. Pia ni mweka hazina wa kikoba chetu, tupo akina mama 22, na grupu letu liko humo humo.

Jumanne kama saa 2 asubuhi nilikuwa napepeta dagaa, ikaingia meseji ya dada mmoja tunayeimba naye kwaya. Namba yake, picha yake. "Dada samahani, nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya, nirudishie haraka, nimekwama." Kutazama, kweli kuna meseji yenye namba sita. Mikono yangu ina magamba ya dagaa, nikaziandika kwa kidole gumba, nikamtumia. Yale maneno mengine ya kwenye meseji sikuyasoma. Dakika haikuisha, WhatsApp yangu ikajifunga.

Saa 3 simu za kawaida zikaanza kumiminika. "Mama, nani kalazwa?" "Mbona unaomba laki na nusu?" Kumbe huyo aliyevaa jina langu amewaandikia watu kwamba mtoto wangu yuko hospitali, laini yangu ya hela imegoma, watume kwenye namba nyingine, jina litakuja la daktari. Mwanakikoba mmoja alikuwa ameshatuma 150,000.

Saa 4 binti yangu akajaribu kunifungulia upya. Zikaja namba sita nyingine, tukaziweka, zikakubali. Halafu ikadai PIN ambayo mimi sijawahi kuiweka, na chini inasema kama sina nisubiri siku 7. Fundi, nililia. Siku 7 mwizi anakaa ndani ya nyumba yangu nikimwangalia!

Nikatafuta namba ya huduma kwa wateja. Nikaikuta Facebook, ina nembo ya kijani kabisa, imeandikwa wanarejesha akaunti zilizodukuliwa kwa dakika 10. Nikapiga. Akapokea kijana mstaarabu, Kiswahili kimenyooka, ananiita mama kila baada ya neno. Akataka 35,000 ya kufungua faili, nikatuma. Akataka picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, nikatuma. Karibu saa 8 akasema sasa utaingia ujumbe wa kuhakiki, mama nisomee. Nikamsomea. Alipotaka tena 60,000 "ya seva", binti yangu alininyang'anya simu.

Jioni nikaambiwa mama mwingine wa kikoba, mtu mzima, ametuma 80,000.

Sasa mume wangu anasema niitupe hii laini, ninunue mpya, nianze upya. Laini hii ninayo tangu 2011. Naomba unisaidie mambo matatu. Akaunti inarudi au hairudi? Huduma kwa wateja ya kweli iko wapi, maana nimepiga mpaka vocha imekwisha? Na hawa akina mama wawili, hela yao nailipa mimi?

Mama Dagaa, Morogoro

*

Mama Dagaa, pole sana. Yale mawili ya haraka nilikutumia kwa meseji ya kawaida usiku ule ule barua yako ilipofika: laini usiitupe, na yule kijana usimpokelee tena. Hapa naeleza kwa nini, kwa sababu barua za namna hii ninazo nyingi mezani na karibu zote zimekwama palepale ulipokwama wewe.

Nianze na laini, kwa heshima zote kwa mzee. WhatsApp haijui sura yako wala jina lako, inaijua namba. Anayeweza kupokea meseji ya zile namba sita ndiye mwenye nyumba. Mwizi wako hana laini yako na hajawahi kuwa nayo, ndiyo maana ilibidi akuombe wewe. Ukiitupa, umeutupa ufunguo pekee alioukosa. Na laini iliyotupwa haifi: ikikaa muda bila kutumika, kampuni huichukua na kuiuza tena, siku moja mtu mwingine anaiweka kwenye simu yake na wateja wako wanampigia yeye kuagiza dagaa.

Sasa nikuonyeshe kitu nilichokiona kwenye zile picha za skrini alizonitumia binti yako, za grupu la kikoba. Nimekaa nazo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ujumbe wa kwanza wa kuomba hela uko saa 2:41. Unafuata mwingine, na mwingine, mpaka saa 4 na dakika chache. Halafu kimya. Saa 5 hakuna. Saa 6 hakuna. Saa 7 hakuna. Saa 8:05 anaanza tena, safari hii na habari mpya ya dawa.

Tapeli huyo hakwenda kula wali. Saa 4 ndipo wewe na binti yako mlipoweka zile namba sita. Ukishaziweka zikakubali, mtu mwingine aliye kwenye akaunti yako anatolewa papo hapo, hata kama wewe mwenyewe umezuiwa mlangoni kwa sababu ya PIN. Ile PIN aliiweka yeye alipoingia, na zile siku 7 ni muda ambao baada yake WhatsApp inakuruhusu kuingia bila kuijua. Hazina maana kwamba yeye anaendelea kukaa ndani. Mama, ulikuwa unalia umeshamtoa. Nyumba ilikuwa tupu, imefungwa, na funguo unazo mfukoni.

Aliyemrudisha ni yule "huduma kwa wateja". Ujumbe wa kuhakiki aliokwambia umsomee ulikuwa zile zile namba sita, na PIN walikuwa nayo tayari. Kama ni mtu yule yule wa asubuhi au mwenzake, sijali. Kazi ni moja. Wanajua kabisa kwamba mtu aliyeibiwa akaunti saa 2, saa 6 atakuwa anahangaika kutafuta namba ya msaada, basi wanamtangulia na kumsubiri huko.

Wote tuliowahi kupokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tulijifunza kucheka na kufuta. Hii imetushinda kwa sababu inakuja na sura ya mtu wa kwaya. Hata yeye dada yako wa kwaya usimkasirikie, aliibiwa kabla yako kwa njia hiyo hiyo. Mwaka juzi nusura nimpe mjomba wangu namba zangu, chapati mkononi, mimi ninayeishi kwa kuandika mambo haya. Kilichoniokoa ni kwamba mjomba hajawahi katika maisha yake kuandika neno "samahani".

Basi akaunti inarudi. Alhamisi binti yako alifanya nilichomwelekeza: fungua WhatsApp kwenye simu yako yenye laini yako, andika namba, subiri meseji, weka namba sita. Mwizi ametoka mara ya pili. Skrini inayodai PIN inakuonyesha muda uliobaki, fuata hiyo, usihesabu kwa vidole. Katika siku hizi atajaribu tena, na utaona namba sita zinaingia bila wewe kuziomba. Ziache zikae. Bila kusomewa na wewe hazimsaidii kitu. Akiziomba mara nyingi, WhatsApp inaweza kusema usubiri saa kadhaa kabla ya kutumiwa nyingine. Hilo nalo lisikutie presha.

Kuna ujanja mmoja wa pembeni niutaje. WhatsApp inaweza kuzitoa zile namba kwa kukupigia simu na kuzisoma kwa sauti, na matapeli wengine hukudanganya ubonyeze nyota, tarakimu fulani na reli ili simu zako zihamie kwao bila wewe kujua. Yule kijana kama alikubonyezesha chochote, piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwingine, kisha ##002# kufuta uelekezaji wote. Mitandao mingi inazikubali hizo.

Wakati unasubiri, mwambie mwenyekiti wa kikoba, au yeyote aliye admini, aitoe namba yako kwenye grupu leo. Ni jambo dogo ambalo watu wanalisahau, halafu mwizi akifanikiwa kurudi anawakuta akina mama 21 wamekaa mkao wa kula. Utarudishwa baadaye. Na meseji zako za nyuma hajazisoma. Zimehifadhiwa kwenye simu yako, hazimfuati anayefungua akaunti kwenye simu nyingine. Alichokipata ni magrupu yako na kinachoingia baada ya hapo. Nimelisema hili kwa sababu binti yako aliniuliza kwa sauti ya chini, nikahisi swali ni lako.

Huduma kwa wateja. Hapa nitakuudhi kidogo. WhatsApp, Facebook na Instagram, zote za kampuni moja inayoitwa Meta, hazina namba ya simu ambayo mimi na wewe tunapiga akapokea mtu. Google nao akaunti ya Gmail hawairejeshi kwa kupigiwa simu. Namba yoyote utakayoikuta Facebook, au kwenye maoni chini ya video, au kwa yule anayesema "mimi nilisaidiwa na huyu kaka, Mungu ambariki", ni ya tapeli. Sisemi huenda ni ya tapeli. Hata huyo aliyebarikiwa ni tapeli, mara nyingi ni yule yule kwa jina jingine.

Wenye namba ni kampuni ya laini yako. Unapiga 100, na wana duka mjini ambako unaingia na kuweka kidole. Ila jua wanachoweza. Wanaweza kukurudishia laini iliyopotea, kuifunga iliyoibiwa, na kuzuia muamala wa hela kama haijatolewa kwa wakala. WhatsApp hawawezi kukufungulia, si yao. Nimeona watu wamepanga foleni kutwa kwenye maduka hayo kwa ajili ya Instagram, na yule binti wa kaunta anarudia jibu moja mpaka sauti inakauka.

Msaada wa hizo kampuni za nje ni milango ya mtandaoni, na unaiendea mwenyewe kwa kuiandika kwa mkono, siyo kwa kubonyeza kiungo ulichotumiwa. Kwa WhatsApp mlango ndio ule uliokwisha kuutumia, kujisajili upya. Aliyepoteza na laini yenyewe anawaandikia barua pepe support@whatsapp.com kwa Kiingereza kifupi: simu imepotea au imeibiwa, naomba akaunti izimwe, na namba ikianza na +255 bila ile sifuri. Wakishaizima una siku 30 za kuifungua tena, zikipita inafutwa. Kwa Facebook ni facebook.com/hacked, kwa Instagram ni instagram.com/hacked. Ukurasa wa Instagram wenye picha zako, wanaweza kukutaka ujirekodi video ya uso ukigeuza kichwa huku na huku ili waulinganishe na picha hizo. Kabla ya hapo lakini fungua barua pepe yako, pamoja na folda ya taka (spam): mwizi akibadilisha anwani ya barua pepe ya akaunti, Instagram hutuma taarifa kutoka security@mail.instagram.com, na ndani yake pana sehemu ya kusema siye mimi na kurudisha ilivyokuwa. Wengi wanayo barua hiyo siku tatu hawajaifungua, wako bize kumtafuta mtaalamu.

Gmail ndiyo mama wa zote, kwa sababu nyingine zote zinarejeshwa kupitia humo. Ikichukuliwa, nenda g.co/recover ukiwa na simu ile ile unayoitumia siku zote, nyumbani au dukani pale pale unapoitumia siku zote. Google wanaangalia hayo. Mtu anaacha simu yake anakimbilia kompyuta ya stesheneri mtaa wa pili, halafu anashangaa anakataliwa. Na mwizi akibadilisha namba ya kurejeshea, namba ya zamani inaweza kuendelea kupokea ujumbe wao kwa siku 7. Usizilale hizo siku.

Kinachonikera zaidi katika barua yako ni picha ya NIDA. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chenyewe, waiondoe. Rudia baada ya mwezi, na tena baada ya mwingine. Namba zote mbili za hao watu, iliyopokea hela na ile ya "huduma", tuma neno UTAPELI kwenda 15040 na utaulizwa namba iliyokutapeli. Kisha kituo cha polisi, uchukue RB, ile karatasi yenye namba ya taarifa yako. Najua unavyofikiria kuhusu kituo. Lakini kufungua akaunti ya mtu kwa hila ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na siku laini iliyosajiliwa kwa jina lako ikitumika kumuibia mtu wa Tunduma, karatasi yenye tarehe ya leo itakuwa inazungumza badala yako.

Nimebaki na akina mama wawili, swali nililolizunguka siku mbili.

Hukuchukua hela yao. Waliibiwa wao, kama ulivyoibiwa wewe 35,000, na deni silioni. Wa 150,000 angeweza kukupigia simu ya kawaida kabla ya kutuma, wengine walipiga na ndivyo ulivyojua. Lakini yule mtu mzima wa 80,000 alituma saa 8:20, na mweka hazina wake alikuwa ameshajua tangu saa 3. Ungetuma meseji ya kawaida kwa wanakikoba 21, shilingi chache tu za vocha, asingetuma. Nakwambia hivi nikijua ulikuwa umechanganyikiwa, na kwamba hata mimi ningetafuta kwanza akaunti yangu. Maoni yangu ni kwamba usingoje kuitwa. Nenda kwenye kikao kijacho na RB, na simu, na hizo picha za skrini zenye saa zake, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na sehemu ya kusoma namba mara mbili. Kisha yule mama umwendee nyumbani. Mkikubaliana umpunguzie, hata kwa mchele, ifanye kwa sababu unamheshimu, siyo kwa sababu unadaiwa. Wa laki na nusu mwache kikao kiseme. Na uombe iandikwe kwenye katiba ya kikoba kwamba hela haiombwi wala haitumwi kwa maandishi, mpaka mtu apige na sauti yake isikike.

Siku ikifika na WhatsApp ikafunguka, utakuta meseji mia mbili zinakusubiri. Usisome hata moja. Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa maana upo kwenye NIDA waliyonayo, na uongeze barua pepe ili ukiisahau usisubiri siku 7 nyingine. Toka hapo nenda Vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta usiyoijua iondoe. Halafu piga picha dagaa.